Mkate wa tende wa Kanada na mikono iliyosahauliwa

Ndugu msomaji, katika kitabu hiki kidogo tumezoea kuongea juu ya mambo ya hapa kwetu: ndoa, matanga, ngoma, majina ya watoto, sombe na bukari. Mara hii naomba ruhusa nianze na kitu kilichotoka mbali, halafu tutarudi nyumbani. Kitu chenyewe ni mkate mtamu wa tende ambao watu wa Kanada hupika nyumbani na kuukata vipande vya pembe nne. Wale wa Québec wanaosema Kifaransa huuita carré aux dattes. Utaniuliza: chakula cha Kanada kinatafuta nini katika kitabu cha mila zetu? Jibu ni kwamba mkate huo ulileta ubishi katika nyumba yetu, na ule ubishi ulinifundisha juu ya neno hili "mila" jambo ambalo sikulisoma shuleni.

Ubishi wa Kindu

Mama mudogo wangu anaishi Montréal tangu miaka mingi. Yeye ni mmoja wa Wakongomani wengi walioondoka wakati wa vita na taabu za miaka ya 1990, wakachagua Québec juu ya lugha ya Kifaransa. Alipokuja Kindu kwa ndoa ya binti yetu, alileta ndani ya sanduku lake pakiti mbili za avoine, ile nafaka ambayo katika Kiswahili wengine huiita oti. Tende alizinunua sokoni, kwa kuwa Ramadani ilikuwa karibu na wachuuzi walikuwa nazo. Siku moja kabla ya ndoa akatuambia: "Leo nitawapikia chakula ya asili ya Kanada. Kule wengine wanaiita keki ya ndoa."

Furu ya umeme hatukuwa nayo. Akachukua sufuria kubwa, akaweka mchanga chini, akaingiza ndani bati dogo lenye unga na tende, akafunika, kisha akaweka makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Harufu ikajaa uwanja mzima. Majirani wakaanza kuja bila kuitwa.

Kati yao alikuwa mzee mmoja, mtoto wa Waungwana wa Kasongo. Akaonja, akatafuna polepole, akacheka. "Asili ya Kanada? Tende njo chakula yetu siye Waungwana. Wazee wetu waliijua mbele Mzungu hajafika hapa. Kanada iko na mtende?"

Mama mudogo akamujibu kwa heshima: "Baba, mtende hakuna, kuko paka theluji. Lakini kule kila bibi anajua kuipika, na mama yake alijua. Kama hii haiko asili yao, basi asili ni nini?"

Watu walicheka, ndoa ikafanyika, na vipande vikaisha kabla ya muchele kuiva. Mimi nilibaki na lile swali. Nani alikuwa na haki, mzee ao mama mudogo? Nikaanza kutafuta na kusoma.

Oti: nafaka ya watu maskini

Tuanze na unga wa mkate, maana ndio unaoshika tende chini na juu. Oti ni nafaka inayovumilia baridi na mvua. Pale ambapo ngano inakataa, oti inakubali. Kwa hiyo katika milima ya Uskoti, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Uingereza, watu walikula oti asubuhi na jioni: uji wa oti, na mikate bapa ya oti. Wakubwa wa London waliwacheka. Samuel Johnson, aliyetoa kamusi yake maarufu ya Kiingereza mwaka 1755, alitumia hata neno hilo kuwatania Waskoti kwamba wanakula kitu ambacho Waingereza huwapa farasi.

Watu hao hao, kwa sababu ya njaa na kufukuzwa katika mashamba na wenye ardhi, walivuka bahari. Mwaka 1773 meli iliyoitwa Hector iliwafikisha wengine Pictou, katika Nova Scotia. Mwaka 1812 wengine walifika mto Red River, katika nchi ambayo leo ni Manitoba. Walibeba mbegu na desturi ya kula oti. Baadaye ikaja mashine. Katika miaka ya 1870 viwanda vya Marekani vilianza kuipitisha oti kwenye mvuke na kuibana kati ya magurudumu ya chuma, ikawa bapa, rahisi kupikwa. Mwaka 1902 kampuni ya Quaker ilifungua kinu kikubwa mjini Peterborough, katika Ontario. Kuanzia hapo oti bapa ilikuwa ndani ya kila jiko la Kanada, kwa bei ndogo.

Basi nusu ya kwanza ya mkate huu ni chakula cha watu waliodharauliwa. Hilo peke yake linatosha kutufanya tuuheshimu.

Tende: tunda linalotaka moto juu na maji chini

Nusu ya pili ndiyo yenye historia nzito. Mtende hauwezi kabisa hewa ya Kanada, na hauipendi hata hewa yetu ya Maniema. Unataka jua kali na hewa kavu. Mvua ikinyesha wakati tende zinaiva, matunda yanaoza. Lakini mizizi yake inataka maji mengi. Kwa hiyo pahali pake pa asili ni kule ambako jangwa linakutana na mto ao kisima.

Mtende uko mume na mke. Mti wa kike peke yake hauzai tende nzuri. Kila mwaka mtu anapaswa kupanda juu, kuchukua maua ya mti dume na kuyafunga katika maua ya mti jike. Halafu kuna kazi ya kumwagilia, kupunguza mikungu, kukata makuti, kuvuna, kuanika, kufungasha. Karibu na Basra, katika Irak, maji ya bahari yakijaa yanasukuma maji matamu ya mto Shatt al-Arab ndani ya mifereji ya mashamba mara mbili kwa siku, na hii inasaidia. Lakini kwenye pwani ya Batina, katika Omani, maji yalivutwa kutoka visima kwa nguvu za ng'ombe na za watu, siku baada ya siku.

Wamarekani walianza kununua tende hizo mapema. Mwaka 1833 Marekani na Sultani Said bin Sultan, aliyetawala Muskati na Zanzibar pamoja, waliandikiana mkataba wa biashara. Mwaka 1840 meli ya Sultani, iliyoitwa Sultana, ilifika New York chini ya nahodha wake Ahmad bin Na'aman. Ndani yake kulikuwa na tende za Muskati, karafuu za Zanzibar, na pembe za ndovu. Ndugu msomaji, angalia vizuri hiyo shehena. Tende na pembe zilisafiri katika meli moja. Na pembe hazikuota Zanzibar. Zilitoka bara, mabegani mwa watu.

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli za moshi zikafupisha safari. Tende zilizobanwa ndani ya masanduku ya mbao zikapelekwa kwa wingi London na New York, na kutoka huko zikaingia maduka ya Kanada. Wamarekani walipenda sana tende nyeusi ya Omani iitwayo fardhi, kwa sababu ilivumilia safari. Wakati wa baridi, matunda mengine yakiwa yamekwisha, tende ilikuwa tamu, haiozi upesi, na bei yake haikumtisha mama wa nyumba.

Mikono katika shamba la mitende

Sasa tuulize: nani aliyefanya kazi yote ile, ya kupanda, kumwagilia na kuvuna, soko la Marekani lilipoongezeka?

Mwanahistoria Mmarekani Matthew Hopper, katika kitabu alichokitoa mwaka 2015, alionyesha jambo ambalo wengi hatukulijua. Mahitaji ya tende katika Marekani, na ya lulu katika masoko ya dunia, yaliongeza mahitaji ya watumwa katika Omani na nchi za Ghuba mwishoni mwa karne ya 19. Na sehemu kubwa ya watumwa hao walikuwa watu wa Afrika ya Mashariki. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873 chini ya Sultani Barghash, lakini majahazi yaliendelea kuvusha watu kwa siri. Wengine walitupwa katika kazi ya kupiga mbizi kutafuta lulu. Wengine waliwekwa katika mashamba ya mitende. Wale waliokimbia na kufika kwa wawakilishi wa Uingereza Muskati na miji mingine ya Ghuba kuomba hati ya uhuru waliulizwa maswali, na majibu yao yaliandikwa. Majibu hayo yako mpaka leo: wapi alizaliwa, nani alimshika, aliuzwa mara ngapi, alifanya kazi gani. Katika Omani utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka 1970 tu.

Kwetu Maniema hii si habari ya watu wengine. Nyangwe na Kasongo vilikuwa vituo vya biashara ya pembe na ya watu. Livingstone alikuwa Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, siku ambayo watu wengi waliuawa kwa bunduki pale sokoni kando ya mto. Tippu Tip, jina lake kamili Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aliweka makao yake Kasongo. Wengi katika watu wetu waliochukuliwa wakati ule hawakuvuka bahari. Walibaki njiani na pwani, na wazao wao wanaitwa Wamanyema hadi leo, kule Ujiji, Kigoma, Bujumbura, hata Dar es Salaam. Lakini njia ilikuwa moja. Aliyefika pwani aliweza kuuzwa tena, na upande wa pili wa bahari shamba la mitende lilikuwa linangoja mikono.

Kwa hiyo mzee wetu wa Kindu alisema kweli kwamba tende ni ya upande wetu zaidi ya Kanada. Lakini ni yetu kwa njia mbili. Ni chakula cha Waungwana waliofungulia mfungo wa Ramadani, na ni jasho la watu waliofungwa minyororo. Yeye alikumbuka njia ya kwanza. Njia ya pili hakuna aliyeitaja siku ile, hata mimi.

Mama wa Kanada na sanduku la tende

Tusiwasahau nao wanawake wa Kanada. Wao hawakujua habari za Batina. Walikuwa na oti ndani ya gunia, siagi, sukari ya kahawia, na tende zilizokauka kama ngozi. Wakazichemsha tende kwa maji kidogo mpaka zikawa uji mzito, wakaziweka kati ya tabaka mbili za oti, wakachoma. Mapishi haya yalienea katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, wakati ule ule tende za Ghuba zilipokuwa zikijaa katika maduka yao. Katika majimbo ya magharibi, Manitoba, Saskatchewan na Alberta, mkate uliitwa keki ya ndoa. Wengine hueleza jina hilo hivi: juu kuko makombo magumu, ndani kuko ulaini, sawa vile ndoa ilivyo na siku ngumu na siku laini. Wazee wetu wa hapa wangeikubali hekima hiyo mara moja.

Baadaye mambo yaligeuka. Wamarekani walipeleka miche ya mitende Kalifornia, kutoka nchi za Waarabu na Afrika ya Kaskazini. Mwaka 1927, kwa mfano, walileta miche 11 ya aina ya medjool kutoka Maroko. Tende za Kalifornia zilipoingia sokoni, mashamba ya Omani yalipoteza wanunuzi wao wa mbali. Lakini mkate haukubadilika. Bibi akamfundisha binti, binti akamfundisha mjukuu. Leo ukiingia katika nyumba ya kahawa Montréal utaukuta, na mwenye kuuza atakuambia ni wa asili. Hasemi uongo.

Sombe yetu nayo ilitoka wapi?

Kama bado unaona ajabu kwamba nchi ya theluji iwe na asili ya tende, tazama ndani ya sahani yako. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta upande wa pwani ya Kongo katika karne ya 16. Mahindi nayo yalitoka Amerika, karanga vilevile. Muchele wa Kasongo ulipandwa hapa na Waungwana. Ukiondoa hivyo vyote, sijui tungekula nini siku ya sikukuu.

Lakini nani atathubutu kusema sombe si yetu? Mama zetu njo waliojua kutwanga majani, kuyachemsha muda mrefu, kuyatia mafuta ya mawese. Mmea ulikuwa mgeni; mkono ulikuwa wa hapa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mila haizaliwi na udongo peke yake. Inazaliwa pale ambapo watu wanarudia kazi moja pamoja, kizazi kwa kizazi, mpaka mtoto anajua kwamba bila kitu hicho sikukuu haijatimia.

Hapa nampa mama mudogo haki yake. Lakini kuna methali nyingine tunayoipenda sana katika mikutano yetu: mwacha mila ni mtumwa. Tangu nilipojifunza historia ya tende, nikiisikia methali hii nanyamaza kidogo. Kwa maana ziko mila zilizojengwa na watumwa wenyewe, na sisi tunaofurahia utamu wake hatukuuliza majina yao. Kuacha mila ni kosa. Kuishika mila na kusahau mikono iliyoibeba, hilo nalo ni kosa.

Jinsi ya kuupika nyumbani

Kwa msomaji anayetaka kujaribu, haya ndiyo mapishi ya mama mudogo. Oti bapa hupatikana katika maduka makubwa ya miji kama Goma, Bukavu na Lubumbashi.

Chukua vikombe 2 vya tende, ondoa kokwa, katakata. Zichemshe na kikombe 1 cha maji na maji ya nusu ya ndimu, moto mdogo, huku ukikoroga, mpaka ziwe laini kama uji mzito. Ziache zipoe. Ndani ya bakuli changanya kikombe 1 na nusu cha oti bapa, kikombe 1 na nusu cha unga wa ngano, kikombe 1 kasoro robo cha sukari ya kahawia, nusu kijiko kidogo cha bikarbonati ya kupikia, na chumvi kidogo. Tia siagi gramu 170 iliyo baridi, ipekeche kwa vidole mpaka unga uwe makombo makombo. Usiukande kama mkate.

Paka siagi bati la pembe nne, upana sentimita 20. Weka nusu ya makombo chini na uyakandamize vizuri. Tandaza tende juu yake. Funika na makombo yaliyobaki, lakini haya usiyabane sana. Kwenye furu ya umeme, choma kwa digri 180, dakika 30 hadi 35, mpaka juu pawe na rangi ya kahawia. Kwa makaa, fanya kama nilivyoeleza: mchanga ndani ya sufuria kubwa, makaa machache chini, mengi juu ya kifuniko, na usiondoke karibu. Mwisho, ngoja upoe kabisa kabla ya kukata. Sisi hatukungoja, na kipande cha kwanza kilivunjikia mkononi mwa bwana harusi.

Neno la mwisho

Usiku wa mwisho kabla ya kurudi Montréal, mama mudogo aliniambia neno ambalo ndilo lililonifanya niandike. Alisema: "Binti yangu anajua kupika carré aux dattes vizuri kunipita. Sombe hajui. Njo kusema mimi nilimufundisha ya wenye nchi, yangu nikaiacha." Sikuwa na jibu la kumpa usiku ule.

Leo ningemjibu hivi. Mama, hujakosea kumfundisha ile ya huko. Sasa ni yake. Lakini siku moja mpike zote mbili pamoja, sombe na carré, na wakati mnangoja furu umwambie safari ya kila kimoja: muhogo uliovuka bahari kuja kwetu, na tende iliyovuka bahari kwenda kwao, na watu waliopandishwa majahazi ili ile tende ipatikane. Mtoto akijua hayo, hatakuwa mgeni wala Kanada wala Kindu.

Na wewe ndugu msomaji, kabla mwezi huu haujaisha, muulize bibi yako chakula kimoja tu: nani alimfundisha, na huyo naye alifundishwa na nani. Andika majina. Mzee wetu wa Kasongo alinipa majina manne siku ile ile, akihesabu kwa vidole, kisha akaomba kipande kimoja kifungwe katika karatasi. Alisema atakila jioni ya kwanza ya Ramadani, adhana ikilia.